Zikiisha Je?

Kuna bibi mmoja hajanitoka kichwani miaka sasa, na leo nimeamua nimuandike manake nikiendelea kunyamaza naona kama namkosea mara ya pili.

Ilikuwa kampi ya matibabu, huko ndani barabara ya Malindi kwenda Sala Gate, ukishapita Kakoneni na Langobaya, kule ambako ukishuka garini hata meno yana mchanga. Wageni walikuwa kumi na wanne kutoka kanisa moja la Marekani, fulana rangi moja, mabegi makubwa ya dawa, dawa za minyoo, miwani ya kusomea, madaftari ya watoto, na mie ndiye mkalimani wao. Hiyo kazi nimeifanya zaidi ya miaka kumi na mbili hapa Malindi, Kiingereza na Kiitaliano kwenda Kiswahili na Kigiriama na kurudi. Kigiriama ni cha nyumbani, Kiitaliano nilikipata hotelini nilipokuwa mapokezi, Kiingereza cha shule. Fadha wetu alinisikia naongea na Waitaliano nje ya kanisa baada ya misa akaniambia wewe mwanangu njoo utusaidie kuna wageni wiki ijayo, nikaenda, na hotelini sikurudi tena.

Basi huyo bibi. Hawe, ndivyo sisi tunavyowaita bibi zetu. Alikuja kwa miguu tangu alfajiri, na fimbo yake, amevaa hando, lile vazi la marinda la Kigiriama, kama wazee wa zamani, akapanga foleni chini ya mkwaju mpaka saa sita. Nesi akampima presha, akapima tena, akamwita daktari. Ilikuwa juu sana. Daktari mwenyewe kijana mpole tu, akaniambia mwambie mama hizi tembe ameze moja kila asubuhi, asiruke hata siku moja, presha haiumi lakini inaua kimyakimya. Nikamwambia. Hawe akapokea kile kimfuko cha plastiki, akakigeuzageuza, akazihesabu polepole. Thelathini. Akaniangalia mie, hakumuangalia daktari, akaniuliza: zikiisha je?

Daktari akauliza, amesemaje?

Nikamjibu, anashukuru sana, anasema Mungu akubariki.

Daktari akatabasamu akamshika mkono, hawe akainuka na fimbo yake, akaitwa mwengine.

Nataka mnielewe sikudanganya kwa ubaya. Sisi tumelelewa hivo, mgeni hasemwi, mgeni akileta kitu unapokea kwa mikono miwili hata kama ni kidogo, na ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone tumeusikia tangu tukiwa wadogo. Alafu mtu ametoka kwao mbali, amechanga nauli mwaka mzima. Nawajua hawa watu, nimekaa nao garini saa nyingi, wameniambia wanavyouza keki kanisani kwao na kuosha magari Jumamosi ili wapate pesa ya tiketi, kuna mama mmoja mwalimu mstaafu alinionyesha picha ya wajukuu wake, karo yao aliigawa nusu ili aje kwetu. Ukiwa mbele ya mtu kama huyo utamwambiaje kwamba dawa aliyobeba kwenye begi lake mwenyewe, akaacha nguo zake nyumbani ili uzito wa begi utoshe, haitoshi? Unameza. Na nilimeza mengi sana, sio ya hawe tu.

Kingine nacho ni uoga. Kijiji kinajua mkalimani ndiye aliyeleta wazungu. Wasiporudi mwaka ujao nitaulizwa mie, uliwaambia nini? Kwa hiyo unatafsiri vizuri yale mazuri na yale magumu unayalainisha mpaka yanayeyuka.

Nikupe mfano wa kisima. Hii ni kundi jengine, sio wale wa dawa, upande wa Magarini. Walikuja na nia ya kuchimba kisima kirefu kwa mashine, pesa tayari imechangwa, jina la marehemu mzee wao wa kanisa litaandikwa pale. Tukakaa baraza na wazee wa kijiji. Mzee mmoja akasema kwa heshima kabisa, tunashukuru wageni wetu, lakini hapa chini maji ni ya chumvi, baba zetu walichimba, na sisi tumechimba, ukienda chini zaidi ndio chumvi inazidi, sisi tungeomba kama inawezekana ile silanga yetu iliyojaa tope ichimbuliwe, ishike maji ya mvua. Yaani maneno yamenyooka, ushauri wa mtu aliyezaliwa hapo akazeekea hapo. Na mie nikatafsiri kwamba wazee wamefurahi sana na wanaomba pia kama itawezekana baadaye silanga nayo isafishwe. Baadaye. Hilo neno "baadaye" nililiweka mie, mzee hakulisema.

Kisima kikachimbwa, maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele, picha zikapigwa. Mtu wa kwanza kuonja alikuwa mtoto na alitema. Mpaka leo ile pampu ipo, wanawake wanachota ya kufulia na kuogeshea, na ya kunywa bado wanayafuata mbali kwa punda, na ule ukame wa 2021 na 2022 ulipokuja, mbuzi walikufa pale pale karibu na pampu yenye jina la mzee wa watu. Familia yake huko ng'ambo wanajua baba yao ananywesha kijiji. Hilo linaniuma kuliko hata pesa.

Wale wa kupaka rangi shule sitakaa nao sana. Mlishawaona. Fundi wa kijiji mwenye njaa amekaa chini ya mti anawatazama vijana wa chuo wakipaka ukuta, na ukuta utapakwa upya na kundi la mwaka ujao. Wengi wao ni watoto wazuri, wamechoka na jua letu, wamelala kwenye neti wakaumwa na mbu hivohivo. Wangempa yule fundi ile kazi wao wakakaa wakala naye ugali wangefanya zaidi.

Lakini la watoto lazima niliseme kwa urefu.

Nilikuwa napelekwa na makundi kwenye nyumba ya watoto, siitaji, ilishafungwa. Ratiba ilikuwa hiyohiyo, watoto wanapangwa mstari wanaimba wimbo wa karibu wageni, wanagawiwa pipi na nguo, wageni wanawabeba, wanacheza mpira, siku ya nne au ya tano wanaagana kwa machozi. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita hivi, aliyekuwa haendi kwa wageni mpaka avutwe. Dada mmoja kutoka kundi akampenda, akakaa naye chini, akambembeleza kwa picha za kuchora siku tatu nzima, mpaka mtoto akaja akamkalia pajani. Sasa pale pajani mtoto akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, huyu naye ataondoka lini?

Dada akaniuliza, anasema nini?

Nikamwambia anauliza utarudi lini.

Akalia. Akamwahidi atarudi. Hakurudi, na simlaumu, aliolewa, maisha yakaenda. Lakini lile swali la mtoto lilikuwa la mtu anayehesabu watu wanaomuacha, na mie nikaligeuza likawa la mtu anayesubiri. Kama ningelitafsiri lilivyo, huenda yule dada, na alikuwa na akili sana, angejiuliza mwenyewe kwanini mtoto wa miaka sita ana swali kama lile, na kama kuna shangazi au bibi yake mahali. Na alikuwepo! Bibi yake alikuwa Ganda, tuktuk hata nusu saa haifiki. Alishindwa kumlisha tu. Wengi wa watoto kwenye zile nyumba wana mzazi au jamaa aliye hai, umaskini ndio uliowapeleka. Serikali yenyewe iliona, Novemba 2017 ikasimamisha kusajili nyumba mpya za watoto, alafu 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto na mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Pesa ya kumjengea yule mtoto bweni ingetosha kumnunulia bibi yake mbuzi na unga na yunifomu kwa miaka. Leo nikiulizwa na kanisa lolote la nje kuhusu kituo cha watoto, jibu langu ni moja, tafuteni bibi zao kwanza.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka, makundi mengi huwa nawapeleka magofu ya Gede, alafu jioni Nguzo ya Vasco da Gama, alafu kile kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti. Wanapenda sana pale, na mie pia napenda, nikikaa ndani nasikia upepo wa bahari tu. Huyo da Gama, Mreno, alifika hapa Aprili 1498, hilo kila mtoto wa shule Malindi analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba mwaka 1542 Francis Xavier, yule mtakatifu Mjesuiti, alishuka hapahapa akiwa njiani kwenda Goa, wakamzika mwenzao aliyefia melini. Na katika barua yake aliyoandika baadaye akiwa Goa anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye cheo wa hapa Malindi alimuuliza, je huko kwenu watu wanaenda makanisani, manake hapa kwetu misikiti iko kumi na saba na inayoswaliwa ni mitatu tu.

Mie hiyo habari huwa inanitia furaha, watu wawili wa dini mbili wamekaa wanaongea kuhusu ibada za watu wao. Mwenyeji alimwambia mgeni ukweli kuhusu nyumba yake mwenyewe, hakumwambia kila kitu kizuri karibu sana. Na nahisi kulikuwa na mtu anayejua lugha zote mbili aliyeyapitisha yale maneno bila kuyalainisha, ndio maana yakafika Goa, yakafika Ulaya, na leo miaka karibu mia tano baadaye tunayasoma. Kila nikifika pale namfikiria huyo mtu.

Ukishuka Mombasa ni hadithi ileile. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika 1844, ndani ya miezi michache mke wake Rosina na mtoto wao mchanga wakafa. Akabaki, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyekaa naye kumsaidia maneno ni kadhi, Mwislamu, wa Mombasa. Fikiria hilo. Mwenzake Rebmann alikuja 1846, wakaanza misheni Rabai, akakaa mpaka 1875, miaka 29, akaondoka amepofuka. Yaani mtu wa kwanza waliyembatiza hapo Rabai alikuwa Mringe, mlemavu, mgonjwa, alibatizwa akiwa anakaribia kufa, 1851. Miaka saba ya Krapf, mtu mmoja kitandani. Kama wangetakiwa kuandika ripoti kila baada ya wiki mbili na picha za watoto wanacheka, ile misheni ingefungwa mwaka wa kwanza. Badala yake Krapf aliokota maneno, kila neno, mpaka kamusi yake ya Kiswahili ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Walikuwa na makosa yao, waliidharau mila yetu mahali pengi na wazee wetu hawajasahau, lakini kwenye kusikiliza lugha walitutangulia sisi wenyewe.

Hapa kwetu jimbo katoliki la Malindi lilianza mwaka 2000, linashika mpaka Lamu na Tana River. Askofu wa kwanza Francis Baldacchino alikuwa mtawa Mkapuchini kutoka Malta, akafia kazini 2009, wa pili Emanuel Barbara naye Mkapuchini wa Malta, akafariki 2018, na tangu 2021 tuna Willybard Lagho, Mkenya. Kwa hiyo Wamalta hapa sio wageni wa wiki mbili. Kuna sista mmoja muuguzi kutoka Ulaya, simtaji jina hatapenda, niliitwa nikamtafsirie siku moja kwenye kliniki ya akina mama huko ndani, nimefika nimekaa kitini asubuhi mpaka saa nane sijafungua mdomo. Anaongea Kigiriama. Sio kizuri, anakosea ngeli, akina mama wanamcheka na yeye anacheka, lakini anagombana nao kwa Kigiriama! Mama mmoja alimwambia usoni wewe sista ile dawa yako ya juzi ilimtapisha mtoto sitaki tena, na sista akamwambia haya kaa hapa tuone. Hakuna mkalimani wa kumkinga na hayo maneno. Ndio siku niliyoanza kuona kazi yangu ni nini hasa.

Binamu yangu naye ni sista, yuko Italia sasa, anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee ya masista. Ndio, sasa sisi tunapeleka kwao. Aliniambia miezi sita ya kwanza hawakumruhusu kugusa mgonjwa, alikuwa anasoma Kiitaliano tu asubuhi na jioni, akilia usiku. Nikamuuliza huoni kama walikupotezea muda? Akasema hapana dada, mzee akiumwa usiku anasema kwa lahaja ya kijijini kwake, nisipomuelewa nitampa nini? Nikakaa kimya kwenye simu.

Sisemi wa wiki mbili wasije. Nimeona wa wiki mbili ambao kazi yao ilinitoa machozi. Madaktari wa macho, walikuja kwa mtoto wa jicho. Ule ni ukungu kwenye lenzi ya jicho, unatolewa, inawekwa lenzi nyengine ndogo ya plastiki, nusu saa hivi umemaliza, kesho yake bandeji inafunguliwa. Nilikuwepo wakati mzee mmoja wa kutoka Marafa anafunguliwa, miaka minne alikuwa anaongozwa na mjukuu wake kwa fimbo, mjukuu hasomi kwa sababu ndiye macho ya babu. Mzee akapepesa, akamuangalia yule mtoto muda mrefu, akasema, kumbe umefanana na mama yako. Hiyo niliitafsiri ilivyo, na daktari akatoka nje. Na wale hawakufanya peke yao, walifanya na klinikal ofisa wetu Mkenya aliyesomea upasuaji huohuo, walipoondoka yeye akabaki na vifaa na wagonjwa wa kuangalia. Jicho likishafanywa limefanywa. Presha sio jicho. Hapo ndipo tofauti ilipo, na hatukuwaambia.

Sasa nirudi kwa hawe.

Mwaka uliofuata lile kundi la dawa lilirudi kijiji kilekile. Nilianza kumtafuta kwenye foleni tangu asubuhi, natazama fimbo, natazama mahando. Saa tano akaja mama wa makamo, akakaa mbele yangu, akatoa kwenye mkunjo wa kanga kile kimfuko cha plastiki. Kitupu. Kina maandishi yangu mwenyewe juu yake, kalamu ya bluu, moja asubuhi. Akasema mie ni binti yake. Mama alianguka shambani wakati wa kupalilia, upande mmoja ukafa, mdomo ukaenda upande, akalala miezi minne, tukamzika. Hiki alikuwa amekichomeka kwenye makuti juu ya kitanda. Alisema wageni wakirudi kitaonyeshwa wajue ni dawa gani.

Alizimeza zote thelathini, bila kuruka hata siku moja, kama nilivyomwambia. Alafu akangoja. Zahanati ilikuwepo mwendo wa saa mbili, na siku alizokwenda dawa hazikuwepo, akaambiwa akanunue mjini, na nauli ya mjini ni pesa ya unga wa siku tatu. Sijui kama angepona kwa njia nyengine. Najua tu kwamba aliuliza swali sahihi kabisa, swali ambalo daktari yeyote wa Nairobi au Chicago angeliheshimu, na lilifia mdomoni mwangu.

Nesi akampima binti. Na yeye presha iko juu. Daktari, yuleyule kijana mpole, akachukua kimfuko kipya akaanza kuhesabu. Na binti akauliza. Sikumfundisha, na hakujua mama yake aliuliza hivohivo. Akasema, na hizi zikiisha je?

Daktari akaniangalia, amesemaje?

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia, anauliza, hizi zikiisha je. Na mama yake aliuliza hivohivo mwaka jana kwenye hiki kiti na sikukwambia. Mama yake amekufa kwa stroki. Kimfuko chako ni hiki hapa.

Akaweka tembe chini. Hakusema kitu muda. Nilidhani atakasirika, nilidhani pia nimeshafukuzwa kazi. Akauliza, zahanati iko wapi, nani anaiendesha? Nikamwambia. Akauliza, unaweza kunipeleka leo? Tukaenda mchana uleule na boda, foleni ikashughulikiwa na wenzake, na klinikal ofisa wa pale, kijana wa Kilifi, akatoa kitabu chake cha wagonjwa wa presha akaonyesha majina, na miezi ambayo dawa zilikatika, kwa wino mwekundu. Akamwambia daktari, nami nikatafsiri kila neno ingawa Kiingereza anakijua vizuri, alitaka tu kusema kwa lugha yake: nyinyi mkija mnapima watu mia mbili kwa siku tatu, mnagawa, mnaondoka, alafu wote wanakuja kwangu na mifuko yenu mitupu.

Nisiwaambie kwamba kila kitu kikawa sawa. 2020 ikaja korona, hakuna aliyekuja, na ndio ilionekana wazi aliyebaki ni nani. Lakini waliendelea kuandikiana, daktari na klinikal ofisa, sio kupitia kwangu. Walipopanga kurudi walikuja wanne badala ya kumi na wanne, na pesa ya tiketi za wale kumi ikaingia kwenye dawa za presha na sukari za zahanati, zinunuliwe hapahapa, kwa daftari, kamati ya kijiji iko ndani. Wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa na serikali mabegi ya vifaa mwaka 2023 yenye mashine ya presha, ndio wanapita nyumba kwa nyumba. Huko kwao baadhi ya watu kanisani walinung'unika, walitaka kuja wenyewe, wamejiandaa, na nawaelewa. Na hapa kwetu nako nilisemwa. Kuna waliosema umefukuza wazungu, sasa sabuni hakuna, nguo hakuna, mipira ya watoto hakuna. Mama mmoja hanisalimii mpaka leo tukikutana sokoni. Wakati huohuo ikatokea Shakahola, 2023, njia hiyohiyo ya kwetu, maiti zaidi ya mia nne zikafukuliwa msituni, watu walioambiwa na mhubiri wao hospitali ni dhambi na wafunge mpaka wamuone Yesu. Baada ya hapo mtu akija na Biblia huko ndani anaangaliwa mara mbili. Ni haki yao. Kwa hiyo sasa ukifika kwa jina la Mungu na begi la dawa, maneno yako lazima yawe yaleyale mwanzo mpaka mwisho, na ya mkalimani wako pia.

Sasa hivi kundi lolote likiniita nawaambia mapema, kwa barua, nitatafsiri kila kitu. Mkiambiwa maji ni ya chumvi nitasema ni ya chumvi. Mtoto akiuliza mtaondoka lini mtalisikia hivohivo. Wawili hawakunijibu tena. Watatu walijibu. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe kwangu ni hilo, ukishakuwa na jembe mkononi umekuwa mtu wa nyumbani, unaambiwa palilia hapa, sio hapo.

Binti wa hawe ana kitabu chake cha kliniki, Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Wiki iliyopita nilikuwa kule nikamkuta anasubiri kwenye benchi la zahanati, nikakaa naye. Nikamuuliza dada, dawa zinapatikana? Akasema zinapatikana, lakini mwezi uliopita zilikatika siku tisa, mimi nikazigawa nusu nusu zisiishe. Nikamuuliza nimwambie daktari hivo? Akasema mwambie. Nikatoa simu nikaandika palepale: zilikatika siku tisa, akawa anameza nusu. Nikamsomea kwanza kwa Kigiriama, akasikiliza, akasema hapo kwenye nusu sema ni wengi tuliofanya hivo, sio mie tu. Nikaongeza, nikatuma.